Minazi Iliyonisomesha

Mtu wa bara ashukapo Mombasa kwa mara ya kwanza na kuona minazi imesimama pande zote mbili za njia, huuliza, "Miti hii yote ni ya nani?" Hudhani labda ni ya Serikali, au ni miti iliyojiotea yenyewe kama nyasi za mbugani. Niliulizwa swali hilo mara nyingi na rafiki zangu nilipokuwa nikifanya kazi Nairobi, na jibu langu lilikuwa moja sikuzote: hakuna mnazi usio na mwenyewe. Yuko mtu aliyeupanda, yuko anayekula matunda yake, na pengine yuko mwingine anayeudai. Leo naomba nafasi niwaeleze wasomaji habari za mti huu na jinsi wazee wetu walivyoutumia; tena niwasimulie habari za minazi 12 ya marehemu baba yangu, ambayo ilinisomesha, nami nikaisahau.

Kwetu ni nyuma ya Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama. Huko mtoto hujifunza majina ya nazi kabla hajajifunza kuhesabu. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha. Tunda likiwa dogo kama kidole gumba huitwa kidaka. Likikua kidogo, kabla halijawa na maji ya kufaa, huitwa kitale. Likijaa maji matamu na nyama yake ikawa laini, ni dafu. Nyama ikianza kuwa ngumu, ni koroma. Likikomaa kabisa ndipo liitwapo nazi, na tangu ua mpaka nazi ni muda wa mwaka mzima hivi. Nazi ikiachwa ikauke mpaka nyama ijitenge na kifuu na kugongagonga ndani, ni mbata. Na ikiota, ile nyama nyeupe laini kama sifongo iliyo ndani yake huitwa joya, ambayo sisi watoto tuliigombea mpaka tukapigana.

Bibi alikuwa akisema kwamba mnazi hautupwi kitu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya kizee tu, lakini nikitazama nyumba tuliyolelewa naona alisema kweli. Paa lilikuwa la makuti ya viungo, yaliyoshonwa na mama zetu jioni, na ua ulizungushiwa makuti ya kumba. Mlango wa jikoni ulikuwa wa makuti. Tulifagia kwa ufagio wa chelewa, tukabeba mihogo kwa pakacha, tukawasha moto kwa vilifu na makumbi makavu. Maji tuliteka mtungini kwa kata ya kifuu, na mchuzi tuliupakua kwa upawa wa kifuu. Mkaa wa vifuu ulikuwa mkali kupita mkaa wa miti mingi. Makumbi yalifukiwa katika matope ya pwani mpaka yakalainika, kisha yakapondwa na kusokotwa kamba. Kamba za namna hiyo ndizo walizoshonea mitepe mabaharia wa zamani, vyombo vilivyovuka bahari bila ya msumari hata mmoja.

Ama jikoni, sina haja ya kueleza sana, maana hata watu wa bara siku hizi wanajua wali wa nazi. Lakini wengi hawajui kazi yake. Nazi hufuliwa kwanza juu ya kifuo, kisha huvunjwa, kisha hukunwa juu ya kibao cha mbuzi, naye mbuzi huyu hali majani. Chicha hutiwa kifumbuni na kukamuliwa. Tui la kwanza, lililo zito, ndilo kasimile. Nalo halitiwi chunguni mpaka mwisho, mchuzi ukikaribia kuiva. Tui la pili, lililo jepesi, ndilo la kupikia. Mwanamke aliyechanganya mambo hayo mawili alichekwa kijiji kizima. Tui likilazwa usiku kucha na asubuhi likachemshwa polepole, mafuta huelea juu, mafuta safi yenye harufu njema. Kwayo walipakwa watoto wachanga, walikandwa wagonjwa wa viungo, na nywele za wasichana zilisukwa. Mtu aliyeharisha au aliyeshikwa na homa alipewa maji ya dafu kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Tena liko tembo. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Hulikata panda changa, kabla ua halijafunguka, kwa kotama yenye makali, akalifunga, akatungika chombo, na utomvu hutiririka humo kidogo kidogo. Likishuka asubuhi ni tamu, hata mtoto aweza kulinywa. Jioni limekwisha kuwa kali. Baada ya siku chache ni siki. Kwetu hakuna posa bila kadzama ya tembo, wala wazee hawakusikiliza shauri bila kadzama, na koma za wazee waliotangulia zilimiminiwa tembo chini. Siandiki haya ili kumsifu mlevi, kwa maana nimeona nyumba zilizovunjika kwa tembo. Naandika ili msomaji akumbuke jambo moja litakalotufaa mbele ya habari hii: panda likigemwa halizai nazi. Mnazi mmoja huwezi kuula kwa njia zote mbili. Ama ni wa tembo, ama ni wa nazi, na mwenyewe ndiye achaguaye.

Basi sasa nije kwa minazi ya baba yangu.

Mwaka 1972 nilipasi mtihani wa darasa la saba, nikaitwa katika shule ya sekondari. Baba hakuwa na ng'ombe wala mshahara. Alikuwa na mashamba madogo ya mahindi na mihogo, na minazi 12 iliyopandwa na baba yake. Karo na sare na sanduku vilihitaji shilingi 400. Kwetu mtu aliyebanwa na shida alikuwa na njia mbili: auze minazi yake, au aiweke rehani. Aliyeuza, miti imekwenda. Aliyeweka rehani, mwenzake humpa fedha na kuangua nazi mpaka siku atakayolipwa fedha zake. Ndipo miti humrudia mwenyewe. Ardhi ilikuwa jambo mbali na mti ulikuwa jambo mbali, hata mtu aliweza kuwa na mnazi ndani ya shamba la mwingine.

Wala mambo haya hayakuandikwa. Waliitwa mashahidi, wakanywa tembo, wakatembezwa kuoneshwa miti mmoja mmoja, kisha kila mtu akaenda zake. Hati ilikuwa vichwani mwa watu. Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, David Parkin, aliyekaa miongoni mwa Wagiriama na kuchunguza mambo haya, alitoa kitabu mwaka huo huo wa 1972, akakiita "Palms, Wine, and Witnesses", yaani minazi, tembo na mashahidi. Sidhani angaliweza kupata jina lililo bora zaidi.

Baba alikwenda kwa jirani yetu, mtu mpole na mwenye fedha kidogo. Nakumbuka jioni ile. Walikuwako mashahidi watatu, na mmoja wao alikuwa mgema, kijana kuliko wale wengine. Niliwafuata nyuma walipokuwa wakigusa miti. Walipomaliza, baba aliniweka mkono begani, akasema, "Mwanangu, hawa 12 ndio walimu wako wa kwanza. Ukipata kazi, uwarudishe nyumbani."

Nilisoma miaka minne. Mwaka 1977 nilipata kazi ya ukarani Nairobi. Mshahara wa miezi michache tu ungalitosha kuikomboa ile minazi. Nilinunua redio. Baadaye nilinunua baiskeli, na viatu vya ngozi, na suti ya kupigia picha. Kila nilipokuja nyumbani kwa likizo nilileta sukari na khanga, nikapokewa kwa shangwe, nikarudi. Baba aliniuliza habari ya rehani mara moja tu, mwaka 1978. Nikamjibu, "Mwakani, baba." Hakuuliza tena.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikulijua siku zile, maana mama aliniambia baada ya baba kufariki mwaka 1981. Miaka ile yote mama alipotaka kupika kwa nazi, alikwenda kwa jirani na senti mkononi akanunua nazi. Nazi hizo zilianguliwa katika minazi ile ile iliyo mbele ya mlango wake. Jirani, kwa wema wake, mara nyingine alimwongeza moja bure. Mama alisema kwamba ile ya bure ndiyo iliyomwumiza kuliko zile alizonunua. Na baba, siku alipokuja mkwezi wa jirani, alichukua jembe lake akaenda shamba la mbali, asisikie mshindo wa nazi zikianguka.

Hata hivyo bado nilikawia. Nilioa, nikapata watoto, na kila mwaka ulikuwa na shida yake. Nilirudi mwaka 1986 na zile shilingi 400 katika bahasha, pamoja na nyongeza ya heshima. Nikakuta jirani naye amekufa. Mwanawe wa kwanza, tuliyecheza naye utotoni, alinipokea vizuri, akanikalisha, akasikiliza maneno yangu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndugu yangu, minazi hii mimi nimeirithi. Sikuambiwa kwamba ni ya rehani. Tangu nipate akili naona baba yangu akiangua nazi zake." Hakusema uongo. Alisema alilolijua.

Tukapeleka shauri kwa wazee. Katika mashahidi watatu, wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Alibaki yule mgema, naye alikuwa mzee sasa na macho yake yalikuwa yamefifia, akaletwa na mjukuu wake akimshika mkono. Alisema kwamba ilikuwa rehani. Mwenzangu akajibu kwa adabu, "Mzee, sikukatai, lakini ni miaka 14. Huenda umesahau. Huenda ni minazi mingine, au ni shauri lingine."

Mzee aliomba apelekwe penye miti. Tukaenda sote. Akaweka kiganja chake juu ya shina la kwanza, akapapasa vidato vilivyokatwa kwa ajili ya kupandia, kisha la pili, kisha la tatu. Alipofika wa nne alisimama, akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo:

"Mnazi huu una maji mengi. Nilitamani kuugema tangu ujana wangu. Mwaka wa pili wa rehani marehemu baba yako alinijia, akaniambia, 'Nigemee mnazi huu, tugawane tembo.' Nikamwambia, 'Bwana, mimi ni shahidi. Umepewa nazi, hukupewa mti. Nikiukata panda utaacha kuzaa, na siku mwenyewe akirudi atakuta nini? Kamwombe.' Baba yako akaenda kuomba. Baba yake huyu akakataa. Nami sikuugema, wala mgema mwingine hakuugema, hata mmoja katika hii minazi yote. Sasa niambie wewe, mwanangu, nawe ni mtu wa mnazi: mtu huomba ruhusa kugema mti wake mwenyewe?"

Watu wakanyamaza. Mwenzangu alitazama juu, akatazama miti yote mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, "Ni kweli. Baba alikuwa akipenda tembo sana, nami nilistaajabu sikuzote kwa nini alilinunua, hali ana minazi." Hapo shauri likaisha.

Lakini kabla wazee hawajasimama, mmoja wao alinigeukia mimi. Akauliza, "Nawe, miaka 14 ulikuwa wapi?" Nilifungua kinywa, nikakosa neno. Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa wengi katika kazi yangu, na sikupata kuulizwa swali gumu kama lile.

Nililipa deni. Miti iliyonirudia ilikuwa 9. Miwili iliangushwa na upepo, na mmoja uliuawa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe ambaye hutoboa kilele cha mnazi na kuingia moyoni. Nilipouliza, niliambiwa kwamba ingalikufa mingi zaidi kama si mwenzangu, ambaye miaka yote ile alipanda na kuwatoa wadudu kwa ncha ya chuma, akasafisha vilele, akafyeka chini. Kwa hiyo nilimpa mnazi mmoja uwe wake kabisa, mbele ya wazee, nao ulikuwa ule wa nne. Akaugema mwaka ule ule, na chombo cha kwanza alimpelekea yule mgema mzee. Urafiki wetu haujakatika hata leo.

Mimi sasa ni mzee mwenye mvi. Mwaka 2019 wanangu walinijia na shauri. Minazi imezeeka, walisema, ni mirefu mno, wakezi ni wachache, na nazi zimepungua. Walikuwako watu wenye misumeno ya mashine wanaonunua mashina kwa mbao, na fedha zao ni taslimu. Walitaka tuikate yote minane. Sikuwakasirikia, kwa maana walisema kweli: mnazi nao huzeeka kama mtu, na mbao zake ni nzuri kwa viti na boriti. Kote pwani utaona mashamba ya minazi mikongwe iliyopandwa na babu zetu, nasi wajukuu tumekula bila kupanda. Kama ukikata mmoja na hupandi mwingine, fedha za mbao zitaliwa mwezi mmoja, na kivuli hakitarudi.

Niliwaambia, "Mtakata, lakini kwanza mpande. Kwa kila mmoja mtakaoukata, nataka kuona miwili imeshika." Nikawaonesha kama nilivyooneshwa: kuchagua nazi nzima kutoka mti uzaao vizuri, kuilaza kivulini penye unyevu mpaka ichipue, kuchimba shimo pana na kutia samadi na majivu, na kuipanda mvua za masika zinapoanza. Kati ya mche na mche wakaacha mita 9, maana minazi iliyosongamana hunyang'anyana jua na maji. Nikawakataza kuwafukuza majimoto, wale chungu wekundu wanaowauma wakwezi, kwa sababu hao huwafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa zikapukutika. Na magogo yaliyooza wayachome au wayaondoe, kwa sababu chonga huzaliana humo.

Walipanda 16. Miwili ilikufa kwa jua, wakapanda tena. Mpaka sasa tumekata minne tu iliyokuwa hatari kwa nyumba, na ile minne mingine ingali imesimama. Mnazi wetu mrefu wa asili huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo sina hakika kwamba nitakunywa dafu la hiyo michanga. Haidhuru. Babu yangu naye hakuniona nikienda shule.

Jambo la mwisho nililofanya ni kuandika. Nimeandika katika daftari kila mnazi umesimama wapi, nani aliupanda, mwaka gani, na ni wa nani. Mwenzangu ametia sahihi kama shahidi, nami nimetia sahihi katika lake. Mgema yule alifariki mwaka 1990, na watu wa kumbukumbu kama yake ni wachache siku hizi. Nawashauri wote wenye minazi, miembe, mikorosho au mti wowote wa urithi wafanye vivyo hivyo, tena wafanye wakiwa hai na wakiwa wanapatana.

Na kwa vijana walio katika miji, ambao karo zao zilitoka katika ng'ombe aliyeuzwa, au kipande cha shamba, au mti uliowekwa rehani, sina mengi ya kusema. Ulizeni nyumbani kabla hamjanunua redio. Mzazi wako hatakudai mara mbili. Mama yangu alikaa hata mwaka 1994, na tangu ile siku ya shauri hakununua nazi tena. Kila asubuhi alitoka mlangoni, akainua macho kutazama vilele, akahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka tisa, hata baada ya mimi kuutoa ule wa nne. Nilipomwambia kwamba wetu ni minane, alijibu kwamba yeye hahesabu mali, anahesabu waliorudi.